Sauti ya baba ilivyonaswa ndani ya king'amuzi cha kukodi

MAMA alikikalia king'amuzi. Sisemi kwa mfano. Alikifunga kwenye kitenge, akakiweka nyuma ya mto wa kiti pale sebuleni, kisha akakaa na kukiegemea.

Mwenye mali alikuwa mlangoni, pikipiki yake bado inanguruma uani, mkononi ameshika king'amuzi kingine. "Mama, hicho kimeshakufa. Nimekuletea kizima, na bei ya mwezi ni ileile."

Mama akamjibu bila kupandisha sauti: "Karibu chai, mwanangu. Lakini hicho hakitoki humu ndani. Mume wangu yumo."

Hapa ni nyumbani kwetu, nje kidogo ya Nkwenda, wilayani Kyerwa. Mimi nilikuwa nimefika jana yake kutoka Mwanza, nikiwa na binti yangu wa miaka tisa. Kaka yangu, anayeishi Kayanga, wilaya jirani ya Karagwe, ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya kile king'amuzi kila mwezi. Alikipata kwa mfanyabiashara wa Omurushaka anayekodisha ving'amuzi vyenye diski ya kurekodi, kwa sababu mama hupenda kurudia taarifa ya habari na ibada akishatoka shambani.

Yaliyotupata katika wiki mbili zilizofuata naona yanaweza kumfaa mzazi mwingine. Ndiyo maana nayaandika.

Kilichokuwa ndani

Baba alikuwa mpigaji wa enanga. Kwa msomaji asiyeijua, enanga ni ala ya nyuzi ya watu wa Kagera, iliyochongwa kwenye ubao mpana wa mti wenye shimo kama kihori. Uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huku mara saba au nane, na mpigaji huimba akisimulia habari za mashujaa na wafalme wa kale. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizitafiti tenzi hizo kwa miaka mingi, na mwaka 1983 aliandika makala akihoji kama wapigaji hao si watunzi wa tendi kama wale wa mataifa mengine.

Baba hakujua habari za vyuo vikuu. Alipiga jioni, baada ya kufunga ng'ombe, mara nyingi akiwa na punje mbili tatu za kahawa ya kutafuna shavuni. Sisi watoto tulimzoea kama mtu anavyoizoea mvua juu ya bati. Hakuna aliyefikiria kumrekodi.

Aliyefikiria ni mgeni. Watu wa kituo kimoja cha televisheni walipita Kyerwa wakitengeneza kipindi cha mila, wakaelekezwa kwa baba. Walikaa nusu siku. Kipindi kiliporushwa, Jumapili jioni, kaka alibonyeza kitufe chekundu cha rimoti. Kipindi kizima kilikuwa cha dakika 28, na baba alionekana kwa dakika sita hivi, akipiga, akiimba na kueleza alikojifunzia.

Miaka miwili baadaye baba alifariki. Tuna picha zake nyingi za mnato: za harusi, kipaimara na mahafali. Zote kimya. Sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kile kisanduku cheusi kisicho chetu.

Mwezi wa Novemba radi ilipiga usiku. Asubuhi kikawa hakiwaki.

Diski inafungika kwa ufunguo usiouona

Wazo la kwanza la kaka lilikuwa lile ambalo wengi wangelipata: "Tukifungue, tuitoe diski, tuichomeke kwenye kompyuta, tunakili." Nilipiga simu kwa rafiki anayetengeneza kompyuta Mwanza. Akaniambia, "Msifanye hivyo kwanza," na akanieleza sababu.

Diski ya king'amuzi cha kulipia ni diski ya kawaida kwa umbo, lakini vilivyomo vimeandikwa kwa siri. King'amuzi kinaporekodi, hufunga kila kipindi kwa ufunguo uliofichwa kwenye chipu yake chenyewe, na mara nyingi hutegemea pia kadi iliyochomekwa. Nia ni kuzuia watu kuuza filamu na mechi walizorekodi. Matokeo yake ni kwamba diski hiyo ukiipeleka kwenye kompyuta, au hata kwenye king'amuzi kingine cha aina ileile, haisomeki.

Kuna hatari nyingine. Kompyuta nyingi zikikuta diski zisiyoielewa huuliza kama uifomati. Mtu akijibu ndiyo kwa haraka, anafuta yote. Na king'amuzi kingine ukikichomekea diski ngeni kinaweza kuifomati bila hata kuuliza.

Kwa hiyo, kwa mtu wa kawaida, njia ya kuokoa kilichorekodiwa ni moja: kukifanya king'amuzi kilekile kiwake tena, kwa kadi ileile, walau kwa saa moja, na kunakili kile kinachotokea kwenye skrini. Kama kingechukuliwa na mwenyewe, kingesafishwa na kukodishwa kwa mtu mwingine. Mama hakuyajua hayo ya chipu. Lakini kukikalia kulikuwa uamuzi sahihi.

Kuzungumza na mwenye mali

Hapa ndipo familia nyingi huharibu. Kitu cha kukodi si chako. Mwenye mali alikuwa na haki ya kukitaka, na juu yake kulikuwa na kibandiko kinachosema kisifunguliwe. Tungeweza kumzungusha, kumwambia mama hayupo, au kukifungua kwa siri usiku. Kaka alishapata bisibisi.

Mama ndiye aliyetuzuia. Alimkalisha yule kijana, akampa chai na ndizi za kuchoma, akamweleza. Kijana akanyamaza. Kisha akasema kwamba babu yake mwenyewe alikuwa mwimbaji kule Mabira na hana hata picha yake.

Tukaandikiana karatasi: tunabaki nacho siku 14, kodi ya mwezi inalipwa kama kawaida, tunaweka dhamana, na kikifunguliwa kifunguliwe na fundi anayemkubali yeye. Karatasi hiyo ilitusaidia kuliko bisibisi. Kijana mwenyewe ndiye aliyetutajia fundi.

Siku tuliyokiwasha

Fundi, kijana aliyesomea umeme, alikuja kutoka Kayanga. Tulimwomba aje nyumbani badala ya sisi kupeleka, kwa sababu king'amuzi kinahitaji dishi lake na kadi yake ili kikubali kufungua vipindi.

Hakuanza na bisibisi. Alianza na adapta, ile ya kuchomeka ukutani. Akapima kwa mita. Kibandiko cha adapta kiliandikwa volti 12, mita ikaonyesha 7. "Ving'amuzi vingi vinavyoitwa vimekufa," alisema, "kilichokufa ni hiki tu." Alikuwa na nyingine yenye volti zilezile, ampea zisizopungua zile za awali, na pini inayolingana. Hayo matatu ni muhimu. Adapta yenye volti kubwa zaidi ingekiunguza kabisa.

Taa ikabadilika kutoka nyekundu kwenda kijani. Binti yangu akapiga makofi. Lakini kilipowaka, kikagoma kufungua orodha ya vipindi. Ujumbe ulisema kifurushi kimekwisha. Kaka alikuwa ameacha kulipia tangu kilipozimika. Nani angelipia king'amuzi kilichokufa? Tukalipa kwa simu, tukasubiri. Kwa ving'amuzi vya namna hii, hata vipindi ulivyorekodi zamani vinaweza kukataa kufunguka kama hujalipia. Jambo hilo wengi hulijua siku wanapokwama.

Fundi akatega sikio juu ya king'amuzi. Diski ilikuwa inatoa mlio wa tik, tik, tik. Akasema diski yenyewe pia imeumia, na kwamba tusikibonyezebonyeze: "Tukiifungua mara moja, tunakili palepale. Huenda isifunguke mara ya pili."

Kaka alikuwa amemwita mpiga video wa harusi wa pale Nkwenda, mwenye kompyuta ndogo na kifaa cha kunasa picha kinachochomekwa kwenye kompyuta hiyo. Waliunganisha kwa zile nyaya tatu za zamani, wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti. Waya mpya wa HDMI unatoa picha nzuri zaidi, lakini ving'amuzi vingi huweka kinga ya kuzuia kunakili kwenye waya huo. Nyaya tatu za zamani mara nyingi hupitisha.

Nami, kwa hofu tu, nikaegemeza simu yangu kwenye birika la chai, nikailekeza kwenye televisheni, nikabonyeza rekodi.

Baba akatokea. Amekaa kwenye kigoda, mgomba nyuma yake, shati lake la bluu la Jumapili. Akaanza kupiga.

Kwa dakika nne na sekunde kadhaa hakuna aliyesema neno. Kisha mtangazaji akamwuliza alijifunza wapi. Baba akacheka, akainua mkono, akafungua mdomo. Picha ikaganda.

Fundi alisubiri, akarudisha nyuma, ikaganda palepale. Akaruka mbele. Tulipata dakika ya mwisho, baba akiaga na kumshukuru mgeni wake. Katikati pakabaki pengo la karibu dakika moja. Tulijaribu mara ya tatu, king'amuzi kikazima na hakikuwaka tena mpaka leo. Tulikirudisha kwa mwenyewe siku ya 12, naye akaturudishia dhamana yetu yote.

Kituo nacho tulikiandikia, tukitaja jina la kipindi, tarehe na saa kilipotoka. Jibu lilikuwa la adabu: kanda ya kipindi hicho haikuhifadhiwa.

Hata wakubwa hupoteza

Nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba hata shirika kubwa la Uingereza, BBC, miaka ya 1960 na 1970 lilifuta kanda zake nyingi ili zitumike tena. Baadhi ya vipindi vya tamthilia yake maarufu ya Doctor Who vilipotea hivyo. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa tisa kati ya vilivyopotea vimepatikana katika kituo cha televisheni cha mji wa Jos, Nigeria. Na sauti za vipindi vyake vilivyopotea zipo hadi leo kwa sababu watazamaji, wengine wakiwa watoto, walizirekodi nyumbani kwa mashine za kanda.

Upande wetu, mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo, zikiwamo za Wahaya. Rekodi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Kwa hiyo ya mwaka 1950 yapo, na ya baba yangu wa juzi yamebaki nusu. Hayo ya 1950 yalibaki kwa sababu kuna mtu aliyekaa akayaandika, akayatunza na kuyanakili.

Ya kufanya nyumbani kwako wiki hii

Mzazi mwenzangu, huenda huna king'amuzi chenye diski. Lakini una simu, na ndani ya simu kuna sauti ya mtoto akisema neno lake la kwanza, au salamu ya bibi aliyelala sasa. Haya ndiyo niliyojifunza kwa fundi, kwa mpiga video na kwa makosa yetu.

King'amuzi si kabati la kumbukumbu. Kilichorekodiwa humo unakitazama kwa idhini tu. Kukiwa na kitu cha familia, kinakili wiki hiyohiyo, hata kwa kuilenga skrini kwa simu. Kama king'amuzi chako hurekodi kwenye flashi chaneli za bure, ijaribu flashi hiyo kwenye kompyuta yenye programu ya VLC. Baadhi hufunguka, na zikifunguka, nakili.

Usiku wa radi, chomoa. Si swichi tu. Chomoa adapta ukutani na waya wa dishi pia, kwa sababu radi hupita hata kwenye waya wa dishi. Fanya hivyo kabla ya mvua, si wakati inapiga.

Ukifuta kwa bahati mbaya, acha. Video iliyofutwa kwenye kadi ya simu haiondoki palepale. Nafasi yake huhesabiwa tu kuwa wazi. Ukiendelea kupiga picha, mpya zitaandikwa juu yake. Toa kadi, usiitumie, mpelekee fundi wa kompyuta. Kuna programu za bure kama PhotoRec zinazoweza kuirudisha. Mwambie vilivyookolewa aviweke kwenye diski nyingine, si kwenye kadi hiyohiyo.

Usimpe fundi simu nzima ukaondoka. Ndani kuna picha za watoto na mambo ya nyumba. Kaa naye kama inawezekana. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kinga ya kwanza ni wewe kuwa pale.

Weka nakala tatu, sehemu tofauti. Moja kwenye simu, moja kwenye flashi au diski inayokaa kwa ndugu mwingine, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, na sauti ya saa nzima haimalizi hata sehemu ndogo ya hizo. Flashi nayo isikae droo miaka mitano bila kuguswa. Ifungue angalau mara moja kwa mwaka uone kama bado inasoma.

WhatsApp hubana video. Ukimtumia ndugu video kwa njia ya kawaida, anapata iliyopunguzwa ubora. Itume kama hati, ifike kama ilivyo. Na kilichowekwa kwenye status hutoweka baada ya saa 24.

Ipe jina. "VID-2019" halimwambii kitu mjukuu. Andika nani, wapi, lini.

Na la mwisho: msisubiri watu wa televisheni. Rekodi wazee wenu leo, kwa ruhusa yao. Baba alikuwa akipiga kila jioni, nasi tulikuwa na simu mifukoni.

Dakika iliyokosekana

Usiku ule, baada ya fundi kuondoka, nilikaa na binti yangu kutazama kile simu yangu ilichonasa kutoka pale kwenye birika. Picha ilikuwa mbaya, televisheni inametameta, na ukingoni bega la kaka linaonekana.

Ilipofika pale picha ilipoganda, skrini ya televisheni ilisimama, lakini simu iliendelea kurekodi. Na katika ule ukimya, tukasikia sauti ya mama. Hakuwa anazungumza na sisi. Alikuwa anaitazama ile picha iliyosimama na kumalizia jibu: kwamba alifundishwa na mjomba wake upande wa Bweranyange, wakichunga ng'ombe, kwamba enanga ya kwanza aliichonga vibaya ikapasuka, na kwamba mjomba alimcheka mwezi mzima.

Alikuwa amemsikia baba akisimulia hivyo mara nyingi sana hata hakujua kwamba anasema kwa sauti.

Binti yangu akanitazama. "Kwa hiyo bibi anajua na yale mengine?"

Nikamwambia kamwulize. Kesho yake asubuhi aliichukua simu, akaifuata jikoni alikokuwa bibi yake akimenya ndizi, akaiegemeza kwenye sufuria, akabonyeza rekodi. Walikaa humo mpaka chakula cha mchana kikachelewa. Faili nimeliandika jina la mama, Nkwenda, na tarehe. Lipo sehemu tatu.